AC/DC: *Powerage*, *Highway to Hell* au *Back in Black*? Ulinganisho wa albamu kwa anayeanza

Ubishi wa mashabiki wa AC/DC, bendi ya roki ya Australia, una zaidi ya miaka 40 na haujabadilika: mwimbaji bora ni Bon Scott au Brian Johnson? Kwa mtu anayetafuta albamu ya kuanzia, swali hilo linapotosha. Chukua *Highway to Hell* ya 1979, albamu ya mwisho ya Bon, uiweke kando ya *Back in Black* ya 1980, ya kwanza ya Brian. Ni mapacha. Halafu chukua *Highway to Hell* hiyohiyo uilinganishe na *Powerage* ya 1978, mwimbaji yuleyule, gitaa zilezile, dramu zilezile. Hapo pengo ni kubwa zaidi.

Kilichobadilika kati ya 1978 na 1979 ni mtu aliyekaa mezani studio. Walitoka Harry Vanda na George Young, akaingia Robert John "Mutt" Lange. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na mtayarishaji, mwimbaji anafuata. Ukijua ni mtayarishaji gani anayekufaa, utakuwa umeshajua nusu ya albamu zao 16 za studio zilizotolewa kimataifa.

Kisichobadilika

Bendi ilianzishwa Sydney, Novemba 1973, na ndugu wawili, Malcolm na Angus Young, waliozaliwa Glasgow na kuhamia Australia na familia yao mwaka 1963. Angus ndiye anayeonekana: kaptula na koti la shule, gitaa la Gibson SG, solo, kukimbia jukwaani. Lakini aliyeibeba bendi alikuwa Malcolm kwenye gitaa la rithimu. Gitaa lake kuu lilikuwa Gretsch Jet Firebird la mwaka 1963, ambalo aliling'oa vinasa-sauti akabakiza kimoja tu, kile cha karibu na daraja la nyuzi. Nyuzi zake zilikuwa nene, na amplifaya yake ya Marshall hakuilazimisha ikoromee kupita kiasi. Matokeo yake ni kwamba Malcolm akipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) unasikia kila uzi, na akinyamaza, kimya kinasikika pia. Bendi nyingi za roki nzito hujaza mianya yote kwa kelele. AC/DC huiacha wazi, na ndiyo maana nyimbo zao zinachezeka.

Nyuma yake alikuwapo Phil Rudd, ambaye dramu zake hazina mbwembwe: ngoma ya mguu, ngoma ndogo kwenye pigo la pili na la nne, basi. Cliff Williams, aliyeingia 1977 baada ya Mark Evans, alipiga besi kwa noti moja inayorudiwa mpaka kodi ibadilike. Mwenye masikio ya dansi ataelewa upesi: solo ndiyo inayoshangiliwa, lakini rithimu ikiyumba hakuna anayebaki ukumbini.

Kabla ya kuchagua albamu yoyote, fanya jaribio moja. Tafuta hedifoni zenye pande mbili zinazofanya kazi, weka wimbo "Back in Black", kisha toa upande mmoja sikioni. Rudia kwa upande wa pili. Gitaa la Malcolm limewekwa upande mmoja na la Angus mwingine, na hayapigi kitu kimoja. Simu yenye spika moja huyachanganya yote mawili, na mtu huishia kusema "nyimbo zao zote ni zilezile". Ukisikiliza hivyo, kweli zitakuwa zilezile.

Tatu za kuchagua, na moja ya pembeni

| Albamu | Mwaka | Studio | Mtayarishaji | Mwimbaji | Nyimbo | Dakika (takriban) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| *Let There Be Rock* | 1977 | Albert, Sydney | Vanda na Young | Bon Scott | 8 | 41 |
| *Powerage* | 1978 | Albert, Sydney | Vanda na Young | Bon Scott | 9 | 40 |
| *Highway to Hell* | 1979 | Roundhouse, London | Lange | Bon Scott | 10 | 42 |
| *Back in Black* | 1980 | Compass Point, Nassau | Lange | Brian Johnson | 10 | 42 |

Idadi ya nyimbo ni ya matoleo ya kimataifa. Kwa nini tunalisisitiza hilo, tutafika.

George Young alikuwa kaka mkubwa wa Malcolm na Angus, na yeye na Vanda walikwisha kuwa nyota wa bendi ya Easybeats miaka ya 60. Namna yao ya kurekodi ilikuwa ya kuiweka bendi chumbani ipige pamoja, na kuchagua rekodi yenye moto hata kama ina makosa. Katika *Let There Be Rock* jambo hilo liko wazi kabisa: unasikia amplifaya zikinguruma kabla wimbo haujaanza, solo zinakwenda ndefu, na wimbo wenye jina la albamu unapita dakika sita kwa mwendo ambao mpiga dramu hapumziki hata kidogo. Kisa kinachojulikana kuhusu rekodi hiyo ni kwamba amplifaya ya Angus ilianza kutoa moshi kabla hajamaliza, na George akamwashiria aendelee. Ukiisikiliza hutashangaa.

*Powerage* ilirekodiwa kwa njia ileile lakini kwa utulivu zaidi, na hapa ndipo Bon anapokuwa mwandishi bora kuliko popote pengine. Watu wake ni wadeni, wacheza kamari, walioachwa na wapenzi, wenye gari la fahari lakini hawana hela ya mafuta, kama yule wa "Down Payment Blues". Anaimba kama mtu anayekusimulia baa, nusu anacheka, nusu hana raha. Rithimu ya "Gone Shootin'" ni somo zima la kupiga kidogo na kuacha nafasi. "Riff Raff" ni kinyume chake: mwendo wa kasi ambao wapiga gitaa wengi huanza kuukosea kwenye mkono wa kulia kabla ya dakika ya pili, kwa sababu wanakaza mkono mzima badala ya kiwiko kulegea na kifundo kufanya kazi.

Udhaifu wa *Powerage* ni viitikio. Ukiisikiliza mara moja huenda usibaki na hata kimoja kichwani. Kampuni ya rekodi iliona hivyohivyo ikataka wimbo wa kuuza redioni, na ndipo "Rock 'n' Roll Damnation" ulipoongezwa. Ndio wenye makofi na kiitikio cha kukumbukwa. Ndiyo sababu hatuishauri kuwa ya kwanza kwa mtu ambaye hajazoea muziki huu, ingawa kwa maoni yetu ndiyo albamu yao nzuri kuliko zote. Ni albamu ya kusikiliza mara tano.

Kisha anakuja Lange. Atlantic, kampuni yao ya Marekani, ilitaka AC/DC wapigwe redioni, na George na Vanda wakaondolewa. Kwanza alijaribiwa Eddie Kramer, aliyefanya kazi na Jimi Hendrix, hawakuelewana. Lange alipochukua usukani hakugusa gitaa la Malcolm wala dramu za Rudd. Alichogusa ni mpangilio. Solo zilifupishwa. Viitikio vilipewa sauti za waitikiaji zilizopangwa, zinazoingia kwa wakati mmoja kama umati wa uwanjani. Ubeti ulipewa kazi ya kukuandaa kwa kiitikio, si kukuhadithia tu. Sikiliza "Touch Too Much" halafu "Sin City" ya *Powerage*: katika ule wa kwanza unajua sekunde kumi kabla kwamba kiitikio kinakuja, katika wa pili kinakukuta njiani.

*Highway to Hell* ikafika nambari 17 kwenye chati za Marekani, mahali ambapo hawakuwa wamewahi kufika. Kilichopotea ni kidogo ila kipo: Bon anahadithia kwa uchache zaidi, na nyimbo mbili tatu za upande wa pili, "Love Hungry Man" hasa, ni za kujazia. "Night Prowler" inayofunga albamu ni bluzi ya polepole yenye giza. Wengine huiona bora, wengine huizima. Na kwa anayeogopeshwa na jina la albamu ("barabara ya kwenda motoni"): si albamu ya dini wala ya kuipinga, ni mazungumzo ya maisha ya ziara, usiku na barabara. Mashairi ya bendi hii kwa jumla ni ya ulevi, wanawake na mafumbo ya chumbani. Anayenunua kwa ajili ya mtoto ajue hilo mapema, kwa sababu muziki wenyewe, ulivyo wa kuchangamsha, haumwonyi.

Bon Scott alifariki London tarehe 19 Februari 1980, akiwa na miaka 33. *Back in Black* ilitoka Julai mwaka huohuo. Ndani ya miezi mitano bendi ilimpata Brian Johnson, mwimbaji kutoka kaskazini mashariki mwa Uingereza aliyekuwa na bendi ya Geordie, ikasafiri hadi Bahamas, ikarekodi na kutoa albamu. Jalada jeusi ni la msiba. Kengele inayofungua "Hells Bells" ni kengele halisi, iliyosubiwa na kiwanda cha Taylor cha Loughborough, Uingereza, na kurekodiwa hukohuko.

Kiufundi hii ndiyo rekodi yao iliyo safi kuliko zote. Kila kifaa kina mahali pake, besi haimezi ngoma ya mguu, na Lange alikuwa mvumilivu wa kurudiarudia mpaka rithimu ikae. Ndiyo maana mafundi mitambo wengi huitumia kupima spika za ukumbi: ikiwa "Back in Black" inasikika kama matope, tatizo ni la spika au la chumba, halimo kwenye rekodi. Mauzo yake nchini Marekani pekee yalithibitishwa kuwa nakala milioni 25 ifikapo 2019.

Tofauti ya waimbaji sasa. Bon huimba katikati ya sauti yake, maneno yanasikika, mzaha unafika. Brian huimba juu kabisa, kwa kukwaruza, dakika baada ya dakika. Kwa nyimbo mbili inasisimua. Kwa dakika 42, baadhi ya masikio huchoka, hasa sauti ikiwa juu na hedifoni zikiwa za bei rahisi zinazopandisha sauti kali. Dawa ni kushusha sauti za juu kidogo kwenye ikwalaiza ya simu, sio kushusha sauti yote. Jingine: mafumbo ya Bon yalikuwa na ucheshi wa kumcheka msemaji mwenyewe. Katikati ya *Back in Black*, kwenye "Given the Dog a Bone" na jirani yake, fumbo linabaki lakini ucheshi umeondoka.

Basi chaguo letu. Hujawahi kusikiliza roki nzito, unataka kujua watu wanashangilia nini: *Back in Black*. Unapenda nyimbo zenye kisa, na unajali maneno: anza na *Highway to Hell* kisha rudi nyuma kwenye *Powerage*, usiende mbele. Unajifunza gitaa: *Powerage* moja kwa moja, kwa sababu rithimu iko peke yake na unaweza kuifuata. Unataka makelele ya bendi changa isiyojali kitu: *Let There Be Rock*.

Baada ya 1980

Hapa watu wengi hupoteza pesa. Kosa la kawaida ni hili: mtu anausikia "Thunderstruck", anapagawa na ule mwanzo wa gitaa, ananunua *The Razors Edge* ya 1990 akitegemea nyimbo 12 za namna hiyo. Hazimo. Kuna "Thunderstruck", kuna "Moneytalks" yenye kiitikio cha kuimba na umati, kuna "Are You Ready", na wimbo wenye jina la albamu ambao una kitisho chake. Zilizobaki ni za kawaida. Mtayarishaji Bruce Fairbairn, huko Vancouver, alitoa sauti kubwa, inayong'aa, ya redio za miaka hiyo, na anayepiga dramu ni Chris Slade, fundi mwenye nguvu kuliko Rudd lakini asiye na ule ulegevu unaofanya mtu atikise kichwa bila kujijua. Tangu albamu hii pia mashairi yanaandikwa na ndugu wa Young, Brian haandiki tena. Ukitaka nyimbo hizo nne, chukua hizo nne.

*For Those About to Rock* ya 1981 ilikuwa ya kwanza yao kushika nambari moja Marekani, na ya mwisho ya Lange. Wimbo wa kwanza, wenye mizinga, ni mkubwa kweli, na bado unafunga maonyesho yao. Baada ya hapo mwendo unakuwa wa polepole, wimbo baada ya wimbo, kana kwamba ukamilifu wa Lange umeanza kuikamua bendi. "Evil Walks" unastahili kusikilizwa. 

*Flick of the Switch* ya 1983 ni mwitikio wa hilo: walijirekodi wenyewe, kavu, bila kupamba. Sauti ya gitaa ni tamu sana, nyimbo chache zinasimama. Rudd aliondoka mwaka huo. *Fly on the Wall* ya 1985 ina kasoro unayoisikia ndani ya sekunde 30: sauti ya Brian imezamishwa nyuma ya gitaa na kupewa mwangwi mwingi, huelewi neno. Iruke. *Blow Up Your Video* ya 1988 iliwarudisha Vanda na George. "Heatseeker" na "That's the Way I Wanna Rock 'n' Roll" ni nzuri, na ukishazisikiliza umemaliza.

Rudd alirudi miaka ya 90, na *Ballbreaker* ya 1995 ni kama tangazo la kurudi kwake. Rick Rubin aliitayarisha pamoja na Mike Fraser. Walianza New York, sauti ya dramu ikawashinda, wakahamia Los Angeles. Ukiisikiliza kwa dramu tu, utaona kwa nini walihangaika: ni pana, imetulia, haina haraka. "Hard as a Rock" ndiyo ya kuanzia. Mwaka 2000 George akarudi peke yake kuwatayarishia *Stiff Upper Lip*, albamu yenye bluzi kuliko zote za Brian, na anayependa *Powerage* ndiye atakayeielewa. Wengi wameipuuza, na wamekosea.

Halafu zinakuja tatu za mtayarishaji Brendan O'Brien. *Black Ice* ya 2008 ina nyimbo 15 na takriban dakika 55, ndefu kuliko zote, na urefu ndio ugonjwa wake. Chagua saba utapata albamu nzuri sana. Anza na "Rock 'n' Roll Train". *Rock or Bust* ya 2014 ilikwenda upande wa pili: nyimbo 11, chini kidogo ya dakika 35. Ni ya kwanza bila Malcolm, aliyekuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nafasi yake ilichukuliwa na mpwa wake, Stevie Young. Malcolm alifariki Novemba 2017, wiki chache baada ya George. *Power Up* ya 2020 imejengwa juu ya vipande ambavyo Angus na Malcolm walikuwa wameviandika miaka ya nyuma, na nyimbo zote 12 zimeandikwa kwa majina ya wote wawili. Kati ya hizo tatu, hii ndiyo ya kununua. Brian, aliyelazimika kuacha ziara ya 2016 kwa matatizo ya kusikia huku Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, akimalizia maonyesho yaliyobaki, hapa anaimba kwa nidhamu kuliko alivyofanya kwa miaka 20: hapigi mayowe pasipohitajika.

Za jukwaani

*If You Want Blood You've Got It* ya 1978 ilirekodiwa Apollo Theatre, Glasgow, na kwa Bon ndiyo ya kuchukua. Nyimbo kumi tu, karibu zote zikiwa na kasi kuliko za studio. Linganisha "Whole Lotta Rosie" ya hapa na ya *Let There Be Rock*, utasikia umati ukiita jina la Angus katikati ya mianya ya gitaa. Hakuna "T.N.T." humo, usiitafute. "The Jack" ya jukwaani ina maneno ya wazi kuliko ya studio, ambayo yamejificha nyuma ya mchezo wa karata.

Kwa Brian kuna *Live* ya 1992 na *Live at River Plate*, iliyorekodiwa Buenos Aires Desemba 2009. *Live* ina matoleo mawili, la CD moja lenye nyimbo 14 na la CD mbili lenye 23. Ukiuziwa lile fupi kwa bei ya refu, umepunjwa. Sauti ya Brian iko bora katika *Live*. Umati uko bora Buenos Aires, mpaka wanaimba sehemu ya gitaa. Anayetaka moja tu achukue *Live* ndefu, kwa sababu Malcolm anasikika vizuri zaidi.

Mitego ya matoleo

Sasa ile idadi ya nyimbo. Mwanzoni bendi ilitoa albamu Australia, kisha Atlantic ikazipangua upya kwa soko la nje. *High Voltage* unayoiona kwenye huduma za muziki sio *High Voltage* ya Australia ya 1975. Ya kimataifa, ya 1976, ina nyimbo tisa: saba zimetoka *T.N.T.*, albamu ya pili ya Australia, na mbili tu, "She's Got Balls" na "Little Lover", ndizo za ile ya asili. Wimbo "Rocker" uliachwa ukahamishiwa *Dirty Deeds Done Dirt Cheap* ya kimataifa. Kutoka *Dirty Deeds* ya Australia wakaondolewa "Jailbreak" na "R.I.P.", na "Jailbreak" ukaja kuwekwa mwaka 1984 kwenye rekodi fupi ya nyimbo tano, *'74 Jailbreak*. Kwa maana hiyo, ukikuta jina hilo usidhani ni albamu kamili.

Marekani waliikataa *Dirty Deeds* kabisa mwaka 1976, wakaitoa 1981 baada ya *Back in Black* kuuza. Ikafika nambari tatu. Wanunuzi wengi wa wakati huo walidhani ni albamu mpya, na mpaka leo zipo orodha zinazoiweka baada ya kifo cha Bon. Usizifuate ukitaka kusikia bendi ilivyokua: mahali pake ni kabla ya *Let There Be Rock*.

"Problem Child" umo kwenye *Dirty Deeds* na tena kwenye *Let There Be Rock* ya kimataifa, uliofupishwa kidogo, kwa sababu ulichukua nafasi ya "Crabsody in Blue" wa toleo la Australia. Kwa hiyo ukipakua zote mbili na kuuona mara mbili, simu haijakosea.

Anayenunua CD zilizotumika aangalie mgongo wa jalada. Za zamani zina nembo ya Atlantic. Zilizosafishwa upya 2003, baada ya bendi kuhamia Sony, zina nembo ya Epic, tawi la Sony. Za Epic zina vijitabu vizuri na sauti iliyopandishwa juu kidogo. Ukizichanganya kwenye orodha moja na zile za Atlantic, kiwango cha sauti kitaruka kati ya wimbo na wimbo. Washa kisawazisha sauti cha programu yako. Santuri ni jambo jingine: kwa kuwa albamu nyingi zina dakika 40 hivi, yaani 20 kila upande, zinatosha vizuri kwenye sahani moja. *Black Ice* haitoshi, ndiyo maana ina sahani mbili.

Kwa wanaosikiliza kwa bando: albamu ya dakika 42 kwa kiwango cha kilobiti 96 kwa sekunde hula kama MB 30, na kwa kilobiti 320 hula kama MB 100. Kwa muziki huu tofauti husikika zaidi kwenye matoazi ya dramu, ambayo kwa kiwango cha chini hugeuka kuwa mluzi wa majimaji. Pakua mara moja kwa kiwango cha juu ukiwa kwenye Wi-Fi, usirudie kutiririsha.

Na kama bado hutaki kuchagua albamu, ujue AC/DC hawana mkusanyiko wa kawaida wa nyimbo bora. Kuna miwili inayofanya kazi hiyo, yote ya filamu. *Who Made Who* ya 1986 ina nyimbo tisa na mmoja tu wa Bon, "Ride On". *Iron Man 2* ya 2010 ina 15, za Bon na za Brian kwa uwiano wa haki, na ndani yake umo "Cold Hearted Man", wimbo uliokuwa kwenye matoleo ya kwanza ya *Powerage* ya Ulaya na haumo kwenye toleo la kawaida. Kwa huo mmoja tu, hata mwenye albamu zote ana sababu ya kuutafuta mkusanyiko huo.